Tembe na Jembe: Kazi Kama Tiba kwa Waishio na VVU Minjila

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humwumbua. Kwa muda wa zaidi ya miongo miwili, hekima ya methali hiyo ndiyo iliyotawala mawaidha kuhusu UKIMWI katika Afrika Mashariki. Lengo lake lilikuwa jema: kumtoa mtu mafichoni aende akapimwe. Watu wengi waliitikia. Walipimwa, wakapewa dawa, wakazimeza, na kifo hakikuwaumbua. Hata hivyo, methali hiyo haina la kusema kuhusu siku inayofuata. Mtu aliyefichua maradhi yake, akatibiwa na akarejewa na nguvu za kusimama, ataishije? Atalima? Atachunga? Nani atakayemrejesha kazini, na kwa mbinu gani? Makala haya yanaliuliza swali hilo kwa kuitazama Minjila, katika Kaunti ya Tana River, na yanashikilia kwamba matibabu ya VVU hayajakamilika mahali kama hapo mpaka tiba ya kazi iwe sehemu yake.

Ugonjwa uliobadilika

Kenya ilimtambua mgonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1984. Mnamo Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza maradhi hayo kuwa janga la kitaifa. Katika miaka hiyo dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa za wenye mifuko mizito. Mwaka 2006 dawa hizo zikaanza kutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Mwaka 2016 ikaamuliwa kuwa kila anayepatikana na virusi aanzishiwe dawa bila kungoja kinga ya mwili ishuke, na katika miaka iliyofuata 2018 tembe moja kwa siku, yenye dawa iitwayo dolutegravir, ikawa ndiyo matibabu ya kawaida kwa watu wazima walio wengi. Aidha, sayansi imethibitisha kuwa mtu anayemeza dawa zake barabara, hata virusi visionekane katika vipimo vya damu, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono.

Kutokana na hatua hizo, zaidi ya watu milioni moja nchini Kenya wanaishi na VVU, na walio wengi miongoni mwao wamo katika matibabu. Lakini kuishi si sawa na kuwa kama zamani. Wapo waliochelewa kupimwa, wakapatwa na homa ya uti wa mgongo au kifua kikuu cha mifupa, wakaachiwa udhaifu wa viungo. Wapo waliotumia dawa za awali, hasa stavudine ambayo imekwisha kuondolewa, wakabaki na ganzi na maumivu ya nyayo na vidole. Wapo wanaosahau mambo ya karibu, wanaochoka kabla ya adhuhuri, na waliozama katika sononeko. Mwaka 2008 watafiti wa Canada wakiongozwa na Kelly O'Brien walieleza kuwa ulemavu unaotokana na VVU mara nyingi huwa wa vipindi: huja na kuondoka, ukamwacha mtu bila yakini ya kesho. Leo anapalilia vizuri. Wiki ijayo hawezi kuinua ndoo. Majirani wasiojua humwita mvivu.

Minjila: mahali ambapo mwili ndio mtaji

Minjila iko karibu na Garsen, kwenye barabara kuu ambamo hupita magari yatokayo Malindi kuelekea Lamu, Hola na Garissa. Wapokomo wa eneo hili ni wakulima wa kingo za Mto Tana: hupanda mahindi, mpunga, ndizi na maembe. Waorma na Wawardei ni wafugaji ambao huifuata mifugo yao kwenye malisho na maji. Wengine huvua samaki, huendesha bodaboda, huuza maziwa na chai kandokando ya barabara. Ni wachache mno wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa walio wengi, mwili ndio mtaji, na mtaji huo ukipungua hakuna benki ya kukopa mwingine.

Fauka ya hayo, mto hauna subira. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2018, ya Novemba 2023 na ya 2024 yaliwahamisha watu na kuzamisha mashamba. Mwaka 2012 mapigano kati ya wakulima na wafugaji, yaliyoanzia Riketa mwezi Agosti na kufika Kilelengwani mwezi Septemba, yaliwafanya wengi kukimbia makwao. Mwenye afya kamili hupata taabu kuanza upya kila mara. Anayeishi na VVU ana mzigo wa ziada: akikosa nguvu kwa wiki chache za kupanda, amepoteza msimu mzima. Akipoteza msimu amekosa chakula, na tembe inayomezwa juu ya tumbo tupu ni adhabu. Hapo ndipo mtu huanza kuziruka siku, na virusi vikapata mwanya.

Kuna jambo jingine linalopuuzwa. Kiwango cha maambukizi katika Tana River ni cha chini kikilinganishwa na kaunti za Ziwa Victoria kama vile Homa Bay, Siaya na Kisumu. Takwimu hiyo huchukuliwa kama habari njema, nayo ni njema. Lakini kwa yule mmoja aliye na virusi, uchache huo ni upweke. Kisumu atakuta vikundi vya wenzake na wahudumu waliozoea hali yake. Minjila huenda akawa peke yake kijijini, na siri yake ikawa nzito kuliko ugonjwa wenyewe.

Tiba ya kazi ni nini?

Taaluma hii ilipata chama chake cha kwanza mwaka 1917 katika mji wa Clifton Springs, jimbo la New York, Marekani. Mmoja wa waasisi wake, George Barton, alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu na kupooza upande mmoja wa mwili, naye akajirejesha kwa kufanya kazi za mikono. Nchini Kenya taaluma hii imefundishwa kwa miongo mingi katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, na mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya kuwasajili wataalamu wake. Kwa hiyo, si ndoto ya kigeni inayoombwa kuletwa. Wataalamu wapo nchini. Kinachokosekana ni kuwafikisha vijijini.

Kwa ufupi, mtaalamu wa tiba ya kazi hamwulizi mtu anaumwa na nini pekee. Humwuliza: ni jambo gani ulilokuwa ukilifanya ambalo sasa limekushinda? Kisha huichambua kazi hiyo hatua kwa hatua na kutafuta mahali ilipokwama. Ichukuliwe mifano mitatu.

Wa kwanza ni mkulima ambaye vidole vyake vimeingia ganzi. Wahenga walimkejeli mtu wa namna hii waliposema kuwa mchagua jembe si mkulima. Katika tiba ya kazi, methali hiyo hugeuzwa juu chini, kwani kuchagua jembe ndio mwanzo wa kulima. Mpini ukinenepeshwa kwa kuzungushiwa kitambaa au mpira, mkono dhaifu huushika bila kuukamua. Kazi ya kupalilia ikigawanywa, saa moja alfajiri na nusu saa jioni badala ya asubuhi nzima, nguvu hubaki za kupikia na za kulea. Mkulima hufundishwa pia kukagua nyayo zake kila jioni na kuvaa viatu shambani, maana mguu usiohisi mwiba hautambui kidonda.

Wa pili ni mchungaji wa ng'ombe. Tatizo lake halimo mikononi, limo katika ratiba. Kliniki ina tarehe, mvua haina. Kwake, tiba ya kazi ni kupanga namna ya kubeba dawa za miezi kadhaa, jambo ambalo taratibu za sasa zinaliruhusu kwa aliye imara, na kuifunga tembe kwenye tendo asilolisahau, kama vile kukamua maziwa ya jioni au swala ya isha. Dawa iliyofungamanishwa na kazi hukumbukwa kwa sababu kazi yenyewe haisahauliki.

Wa tatu ni mtoto aliyezaliwa na virusi na akachelewa kutembea au kusema. Kazi ya mtoto ni mchezo. Mtaalamu humfundisha mzazi kumchezesha kwa vifaa vya nyumbani, kwa kifuu cha nazi, kwa mchanga na kwa kokwa za maembe, mpaka vidole vijifunze kushika kalamu. Mtoto huyo asiposaidiwa mapema, shule itamtema, na kesho yake itakuwa imeamuliwa kabla hajaifikia.

Cherehani si tiba

Pingamizi la kwanza litakalotolewa ni kwamba miradi tayari ipo. Mashirika na wafadhili wamewagawia waishio na VVU mbuzi, kuku na cherehani katika pembe nyingi za nchi. Msaada huo ni wa heri. Lakini kugawa kifaa bila kuutazama mwili utakaokitumia ni kubahatisha. Cherehani ya kanyagio ukimpa mtu asiyezihisi nyayo zake umempa pambo la nyumba. Mbuzi ukimpa mtu asiyeweza kutembea hadi kwenye malisho umempa deni. Baada ya mwaka, kifaa huuzwa kwa bei ya kutupa, na ripoti ikaandikwa kwamba walengwa hawakuwa na bidii. Kumbe kosa lilikuwa la aliyegawa kabla ya kuuliza. Mtaalamu wa tiba ya kazi angekuja kwanza, mradi ukamfuata.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Watasema kuwa Tana River ina shida za msingi: maji safi, barabara, wauguzi. Iweje ifikiriwe taaluma ambayo hata baadhi ya hospitali kubwa haina wataalamu wake wa kutosha? Hoja hii haipaswi kubezwa. Na ni kweli kuwa fedha zimepungua: serikali ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilibeba sehemu kubwa ya gharama za VVU nchini Kenya, ilisimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, na huduma nyingi zikatikisika. Lakini upungufu huo ndio unaoipa tiba ya kazi umuhimu. Mtu anayejilisha huhitaji msaada mdogo. Mtu anayefanya kazi ana sababu ya kumeza dawa kesho, na mtu anayemeza dawa hafiki wodini kwa gharama iliyo mara nyingi zaidi. Kuyahesabu matibabu kwa idadi ya tembe zilizotolewa, bila kuhesabu majembe yaliyorejea shambani, ni kuhesabu nusu ya hesabu.

Mifano ya jirani

Afrika Mashariki imewahi kulielewa jambo hili. TASO, shirika la kuwahudumia watu wenye UKIMWI nchini Uganda, liliasisiwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake, muda mfupi baada ya mumewe kufariki kwa maradhi hayo. Kaleeba alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Huenda si sadfa kwamba mtu aliyefunzwa kuurejesha mwili katika mwendo ndiye aliyeeneza wazo la kuishi kwa matumaini, katika wakati ambao hapakuwa na dawa.

Nchini Kenya, mpango wa AMPATH ulianza Eldoret mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na Chuo Kikuu cha Indiana. Waganga wake waligundua mapema kuwa dawa peke yake haikuwainua wagonjwa wenye njaa. Mpango ukaanzisha mashamba ya kuwalisha wagonjwa, na baadaye karakana za Imani ambamo waishio na VVU walitengeneza bidhaa za kuuza. Si kila kilichofaa Eldoret kitafaa Minjila, kwa kuwa udongo, mvua na soko vinatofautiana. Ila funzo ni moja: hospitali ilikubali kuwa chakula na kazi vimo ndani ya mipaka ya uganga.

Sheria nayo imefika nusu ya njia. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya 2006 inakataza kumnyima mtu ajira kwa sababu ya hali yake, na ikaunda Mahakama Maalumu ya kusikiliza malalamiko. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi huo pia. Lakini zote mbili humlinda mwenye mwajiri. Mwuza maziwa wa Minjila ambaye wateja wamemkimbia baada ya minong'ono atamshtaki nani? Mkulima aliyenyang'anywa kishamba na jamaa kwa madai kuwa "huyu keshakwisha" ataonyesha barua gani ya ajira? Kwa watu hao, kinga ya kweli ni kuonekana wakifanya kazi. Jirani anayemwona mtu akivuna hupata taabu kuamini kwamba amekwisha.

Deni la Kiswahili

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wasidhani kuwa suala hili ni la matabibu peke yao. Neno "kazi" lenyewe ni mtihani. Mwanamke wa Minjila akiulizwa kliniki, "Unafanya kazi gani?", huenda akajibu, "Sina kazi." Ameteka maji, amepalilia, amepika, amekamua na amemwosha mkwewe mgonjwa, lakini katika masikio yake "kazi" imekuwa ajira. Fomu huandikwa "hana kazi", na mtaalamu hubaki bila pa kuanzia. Swali lililofaa lilikuwa rahisi: "Siku yako huendaje tangu alfajiri?" Tofauti kati ya maswali hayo mawili ni ya lugha, na gharama yake hulipwa kwa afya.

Istilahi nazo hazijatulia. Kenya husema "tiba ya kazi" au "tiba kazi". Tanzania hutumia "tiba kwa vitendo". Istilahi ya Tanzania inaeleza njia, yaani vitendo. Ile ya Kenya inaeleza njia pamoja na mwisho wake, kwa kuwa mtu hutibiwa kwa kazi ili aifikie kazi. Kwa sababu hiyo "tiba ya kazi" inafaa kupewa nafasi ya kwanza, mradi neno "kazi" lirejeshewe upana wake wa asili. Vivyo hivyo dawa: Mkenya "hupunguza makali" ya virusi ilhali Mtanzania "huvifubaza". Maneno yote mawili yana nguvu ya taswira na hayana haja ya kushindana. Yanayostahili kuachwa ni "mwathiriwa" na "mhasiriwa", yanayomganda mtu katika siku ya msiba wake hata pale anaporudi kutoka shambani na mkungu wa ndizi begani.

Fasihi pia ina deni. Tamthilia zilizosomwa sana shuleni, kama vile Kilio Chetu na Orodha ya Steve Reynolds ya 2006, zilitimiza wajibu wa wakati wake: kuonya. Furaha wa Orodha anazikwa ili walio hai wazinduke. Lakini kizazi kinachosoma sasa kinaishi na mashangazi na wajomba ambao hawakuzikwa. Yuko wapi mhusika anayemeza tembe yake saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye mtumbwi akivuka Tana kwenda shambani? Asipoandikwa, msomaji ataendelea kuamini kwamba VVU ni hadithi yenye mwisho mmoja.

Lifanyike nini?

Hatua za mwanzo si ghali. Serikali ya Kaunti inaweza kuajiri wataalamu wachache wa tiba ya kazi walio na kituo Hola na Ngao, wazungukie zahanati na vituo vya afya vya Garsen na Minjila siku za kliniki. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba ya vifaa na serikali kuu mwaka 2023, waongezewe ukurasa mmoja wa maswali kuhusu siku ya mtu: kilichomshinda, kinachomchosha, anachotamani kurudia. Mradi wowote wa mifugo au vifaa upite kwanza mikononi mwa anayeweza kuulinganisha na mwili wa mpokeaji.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili navyo vina sehemu yao. Ukurasa huo wa maswali unahitaji kuandikwa kwa Kiswahili kinachosikika Minjila, kisha ufasiriwe kwa Kipokomo na Kiorma kwa kushirikiana na wenye lugha zao. Kazi hiyo ni ndogo kuliko tasnifu na ina faida kubwa kuliko tasnifu nyingi. Chuo kinachofundisha nadharia za tafsiri bila kuzituma kliniki kinafanana na ghala lililojaa mbegu katika msimu wa kupanda.

Kwa kuhitimisha, tembe imefanya kazi yake: imemrudisha mtu kutoka mlangoni mwa kaburi. Lakini kumwacha hapo uani, akiwa hai na mikono mitupu, ni kumtibu nusu. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na wanaoishi na VVU Minjila hawajaomba kulambiwa mikono. Wanachostahili ni jembe lenye mpini unaoshikika, na mtu wa kuwauliza, kwa lugha wanayoielewa, ni shamba lipi wanalotaka kulirudia.